Je, Wajua? Maji Yanavyoingia Kwenye Nyumba ya Magurudumu

Je, wajua kuwa mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huacha lita 1 kamili ya maji? Chukua karavani yenye paa la urefu wa mita 8 na upana wa mita 2.5, yaani mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 25, ambayo wakati wa masika huweza kushuka yote kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, inamwaga juu ya paa hilo lita 500. Ni nusu tani ya maji, na yote yanatafuta pa kupita.

Karavani, kwa asiyeizoea, ni nyumba ndogo yenye kitanda, jiko na choo, inayokokotwa nyuma ya gari. Nyingine injini imo humohumo, dereva anaendesha nyumba yake. Marekani zinaundwa kwa wingi kabisa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Watu huzitumia kwa likizo, na wapo wanaoishi humo mwaka mzima.

Je, wajua kuwa paa lenyewe mara nyingi halina kosa? Liwe la alumini, la faiba au la mpira uliotandazwa juu ya plaiwudi, katikati yake maji hayapiti. Yanapita pale mtu alipotoboa: kidirisha cha hewa, bomba la kutolea hewa ya choo, antena, kiyoyozi, taa za ukingoni, reli ya turubai la kivuli, na skrubu zote zinazoshikilia vitu hivyo. Kila tundu lilizibwa kiwandani, na kila kizibo kina umri wake.

Je, wajua kuwa doa la maji kwenye dari halisemi tundu liko wapi? Maji yakishapenya chini ya paa hufuata boriti, waya wa umeme au maungio ya plaiwudi, husafiri hata mita kadhaa, kisha hudondoka yanapokuta skrubu au kona. Anayepaka gundi juu ya paa sambamba na doa huenda amepaka mahali pasipo na tatizo lolote. Wazoefu huuliza kwanza gari liliegeshwaje siku ya mvua. Kama lilikuwa limeinamia mbele, msako unaanzia nyuma.

Maji hupanda pia. Kati ya vioo viwili safi vilivyoachana kwa sehemu 1 ya 10 ya milimita, maji hujivuta kwenda juu karibu sentimita 15 bila kusukumwa na kitu. Ufa usioingia hata ukucha unatosha.

Je, wajua kwa nini gari lililokaa kavu usiku kucha chini ya mvua linaweza kuvuja likianza safari? Ni upepo wa mwendo. Kwa kilomita 100 kwa saa, hewa huukandamiza uso wa mbele wa gari kwa nguvu ya kuinua safu ya maji ya karibu sentimita 5. Mpira wa dirisha uliolegea kidogo hauhimili msukumo huo. Kwa hiyo kulimwagia gari maji kwa mpira wa bustani, ukaona ndani pakavu, hakujathibitisha kitu.

Je, wajua kuwa bati la alumini la mita 8 hurefuka takriban milimita 9 joto likipanda nyuzi 50? Tofauti hiyo ya joto ni ya kawaida kwa paa lililoshinda juani na lililolala kwenye baridi ya jangwani. Plaiwudi iliyo chini yake hairefuki kiasi hicho. Hivyo vitu viwili vilivyofungwa pamoja vinavutana kila uchao, na kinachoumia ni gundi iliyo katikati yao. Filla ngumu au epoksi hupasuka hapo, hata kama siku ya kwanza inaonekana imara kuliko zote. Kinachotakiwa ni kitu kitakachoendelea kunyumbulika baada ya miaka. Ongeza mitikisiko ya barabarani, ambayo kwa nyumba ya kawaida ingeitwa tetemeko la ardhi, utaelewa kwa nini fundi wa nyumba hawi fundi wa karavani siku hiyohiyo.

Na penye baridi kali kuna jingine: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Tone lililoingia kwenye ufa mwezi wa Novemba linaupanua ufa huohuo mwezi wa Januari.

Je, wajua kuwa mpira wa butili, unaotengenezewa utepe wa kuzibia madirisha ya karavani, ulivumbuliwa mwaka 1937? Wavumbuzi ni William Sparks na Robert Thomas, wanakemia wa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey. Sifa yake kubwa ni kutopitisha hewa, ndiyo maana ulipata kazi haraka kwenye tyubu za magari. Sifa ya pili ndiyo inayotuhusu: utepe wake haukauki ukawa mgumu. Unabaki laini na wenye kunata miaka mingi, mradi umefichwa mbali na jua.

Mtazame fundi anayebadilisha kidirisha cha paa. Anaanza kwa kukwangua gundi ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki, maana cha chuma kitachana paa la mpira. Anakwangua mpaka chembe ya mwisho, na kazi hii ndiyo inayokula muda kuliko zote zinazofuata. Anafuta kwa spiriti, anaacha pakauke. Kisha anabandika utepe wa butili, wa kijivu, unaong'ang'ania vidole, kuzunguka fremu yote bila kuacha pengo kwenye kona. Anashusha fremu mahali pake na kukaza skrubu kwa kupokezana pande, moja hapa, nyingine upande wa pili, ili fremu ishuke sawasawa. Butili inaanza kuchungulia pembeni, ukanda mnene wa kijivu pande zote nne. Upande ambao haikuchungulia ndio utakaovuja, na fundi mzuri hufungua akaanza upya bila kuambiwa. Mwisho anafunika ukingo wote na kila kichwa cha skrubu kwa gundi ya paa.

Gundi hiyo ya paa ni ya aina mbili. Moja ni nyepesi, hujisambaza na kujisawazisha yenyewe, nayo ni ya juu ya paa palipo bapa. Nyingine ni nzito, hukaa ilipowekwa, nayo ni ya ukutani. Ukipaka ile nyepesi ukutani, kesho yake utaikuta imeteremka hadi kwenye magurudumu.

Je, wajua kuwa silikoni ya bafuni, ile inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, ni adui wa paa la karavani? Nasema hivi kwa uzito. Si kwamba haizuii maji. Inazuia vizuri sana siku za mwanzo. Tatizo ni kwamba ikishakauka, karibu hakuna gundi nyingine inayoshika juu yake, na hata silikoni mpya hushika kwa shida. Ikibanduka ukingo mmoja, huwezi kuongezea kidogo ukaondoka. Inabidi iondolewe yote, na mabaki yake yasiyoonekana kwa macho huendelea kukataa gundi mpya. Fundi atakayekuja baada yako ataikwangua siku nzima.

Harufu ya siki unayoisikia silikoni hiyo inapokauka ni siki kweli, maana inatoa asidi ya asetiki, ambayo huweza kula chuma na shaba. Ipo silikoni isiyotoa asidi, na kwenye vyuma hiyo ndiyo ya kutafuta.

Je, wajua kuwa silikoni na gundi nyingi za poliyurethani hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewani? Penye hewa kavu ya jangwani huchelewa. Tanga au Mombasa hukaza mapema zaidi.

Paa la mpira, wa aina iitwayo EPDM, huvumilia jua kwa miaka mingi, lakini petroli, tina na mafuta ya mitambo hulifanya livimbe na kuharibika. Lisafishwe kwa maji na sabuni ya kawaida.

Je, wajua kuwa yapo matundu yasiyopaswa kuzibwa kabisa? Chini ya fremu za madirisha mengi ya karavani kuna vijitundu vya kutolea maji. Maji huingia kidogo kwenye reli ya kioo, hilo lilipangwa tangu mwanzo, kisha hutokea hapo. Mwenye gari akiona maji yanatoka kwenye vijitundu hivyo hudhani amegundua tatizo, anavijaza gundi. Mvua inayofuata reli inajaa, maji yanamwagikia ndani, juu ya godoro. Nimewahi kuona kazi ya namna hiyo iliyopakwa kwa ustadi mkubwa, mstari umenyooka, na plaiwudi ya chini yake imelainika kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba.

Kwa sababu hiyohiyo, mafundi wengi wakiziba fremu ya dirisha upande wa nje huanza na juu na pande mbili, wakaacha chini. Maji yakiponyoka juu yapate pa kutokea.

Utepe wa kuzibia maungio hubandikwa kuanzia chini kwenda juu, kipande cha juu kikilalia cha chini. Ukipindua mpangilio huo, kila ungio linakuwa mfereji.

Je, wajua kuwa kiyoyozi cha juu ya paa kwa kawaida hakibandikwi kwa gundi? Kinakaa juu ya mpira mnene wa sponji, kikivutwa chini na boliti zinazokazwa kutoka ndani ya gari. Safari ndefu hulegeza boliti. Wapo waliopaka gundi pande zote za kiyoyozi wakati dawa ilikuwa spana. Lakini usikaze kupita kiasi, maana sponji iliyobanwa mpaka ikalala haizuii tena.

Na vyumba vinavyochomoka? Mwaka 1990 kampuni ya Newmar ya Indiana ilileta karavani zenye ubavu unaosogea nje gari likiegeshwa, sebule ikapanuka. Ni raha tupu kwa mkaaji, lakini kwa anayezuia maji ni ukuta mzima unaotembea. Huwezi kuupaka gundi. Kinachozuia ni mpira tu unaobanwa na kuachiwa, na majani makavu yaliyobaki juu ya chumba hicho huingia nacho ndani kikirudishwa. Fagia kwanza.

Je, wajua kuwa ukungu wa kuozesha hauna nguvu kwenye mbao kavu? Ndiyo maana wakaguzi wa karavani nchini Uingereza hubonyeza ukutani kipima unyevu chenye ncha mbili za chuma. Kikisoma chini ya asilimia 15, wanaendelea. Kati ya 15 na 20 wanaandika parudiwe baada ya miezi michache. Juu ya 20 wanaanza kutafuta tundu, na ikizidi 30 wanahofia kuwa mifupa ya ukuta imeshaanza kuharibika. Haya yote yanaweza kutokea huku karatasi ya ukutani ikiwa safi na haina hata doa.

Kuta nyingi za kisasa ni faiba iliyogandishwa juu ya plaiwudi nyembamba. Maji yakifika kati yake, gundi inaachia na faiba inavimba. Uvimbe huo ukiuona kwa nje, ujue maji yamekuwa humo muda mrefu.

Hapa Waswahili wa baharini wana jambo la kulinganisha. Fundi wa jahazi Lamu au Unguja hupiga kalafati: anashindilia pamba iliyotiwa mafuta kati ya mbao kwa patasi na nyundo. Chombo kikishushwa majini huvuja mwanzoni, kisha mbao na pamba hufura, maungio yakajibana. Unyevu umemsaidia fundi. Karavani haina bahati hiyo. Mbao zake zikifura zinasukuma skrubu nje, na zikikauka zinaacha nafasi kubwa kuliko ya awali.

Je, wajua kuwa hema la pamba juu ya gari huhitaji kuloweshwa kabla ya safari ya kwanza? Matundu ya sindano kwenye mishono huvuja yakiwa mapya. Ukilimwagia maji na kuliacha likauke, mara moja au mbili, nyuzi hufura na kuyaziba. Wanaokodisha magari yenye hema za paani Arusha na Nairobi hawapaswi kumpa mgeni hema jipya bila kazi hiyo.

Magari ya watalii ya kwetu yana ugonjwa uleule wa karavani. Land Cruiser au HiAce ikikatwa paa ili liinuke, watalii wasimame waone simba, palipokuwa na bati moja sasa pana ukingo mrefu wa kuzibwa kwa mpira. Ajabu ni kwamba kiangazi ndiyo wakati mzuri wa kuukagua. Ukirudi kutoka mbugani, pangusa kwa kidole ukingo wa ndani wa paa. Ulipo mstari wa vumbi jekundu, ndipo hewa ilipopita, na masika maji yatapita hapohapo.

Je, wajua kuwa maji mengine hayakutoka nje kabisa? Kilo 1 ya gesi ya kupikia ikiungua hutengeneza takriban lita 1.6 za maji, ambayo hupaa kama mvuke. Mtu mzima aliyelala hutoa karibu robo lita au zaidi kwa usiku mmoja, kwa pumzi na ngozi. Watu wanne, chai ya jioni na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi: asubuhi dari linatona, na mwenye gari anapanda juu kutafuta tundu ambalo halipo. Kabla ya kununua gundi, lala usiku mmoja ukiwa umeacha kidirisha cha paa wazi kidogo. Dari likikauka, hujavujiwa.

Njia ya uhakika ya kupata tundu ni kugeuza mambo. Mafundi wenye vifaa hufunga madirisha yote, huweka feni maalumu inayosukuma hewa ndani ya karavani, kisha hupaka maji ya sabuni kwa nje. Panapotoa povu ndipo penye tundu, kazi ileile ya fundi wa pancha.

Je, wajua kuwa mwanaanga wa kwanza kukanyaga mwezi alirudi duniani akafungiwa ndani ya karavani? Mwaka 1969 Neil Armstrong na wenzake wawili wa Apollo 11 waliingizwa kwenye karavani ya kampuni ya Airstream iliyoondolewa magurudumu, kwa hofu kwamba wamebeba vijidudu vya mwezini. Humo kazi ya kuziba ilikuwa kinyume: hakikupaswa kutoka kitu. Shinikizo la hewa ya ndani liliwekwa chini kuliko la nje, ili kama kuna ufa, hewa iingie isitoke. Rais Nixon alizungumza nao wakiwa nyuma ya kioo cha dirisha, ndani ya manowari ya USS Hornet.

Airstream hiyohiyo, yenye mwili wa alumini uliopigwa ribiti, ilishawahi kufika kwetu. Mwaka 1959 mwanzilishi wake Wally Byam aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town. Ulipita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Ukifikiria barabara za wakati ule, ribiti zile zilipata mtihani wa kweli.

Mapema zaidi, mwaka 1885, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, aliagiza karavani ya starehe ikokotwe na farasi. Iliitwa The Wanderer, iliundwa kwa mbao za mkangazi, na mpaka leo ipo.

Je, wajua dawa ya kuvuja iliyo kubwa kuliko zote? Ni kupunguza maungio. Mwaka 1968 Ray Olecko wa Winnipeg, Kanada, aliyekuwa amebuni tangi la maji taka la faiba, alitumia akili hiyohiyo kuunda karavani ndogo iitwayo Boler. Ni maganda mawili tu, la juu na la chini, yaliyounganishwa kiunoni. Paa halina maungio hata moja. Nyingi za enzi hizo bado zinatembea barabarani, wakati rika lao la mbao na bati limeshaoza. Kwangu mimi huo ndio ubunifu mkubwa kuliko gundi yoyote iliyokuja baadaye, na inasikitisha kwamba viwanda vichache tu viliufuata.

Bima nyingi za karavani hulipa mti ukiangukia paa. Kuoza kwa polepole kutokana na maungio yaliyoachwa bila kutunzwa hazilipi. Watengenezaji nao huagiza paa likaguliwe mara kwa mara mwaka mzima, na dhamana yao huweza kufutika kwa asiyefanya hivyo.

Ukienda kununua karavani au gari la watalii lililotumika, basi, usiende siku ya jua wala usikubali kuoneshwa lililooshwa na kupuliziwa manukato. Nenda mvua ikinyesha au kesho yake asubuhi. Fungua kila kabati la juu upapase kona za nyuma kwa mkono. Inua godoro. Bonyeza sakafu karibu na mlango na chini ya madirisha kwa kisigino. Kisha omba ngazi, upande juu ujionee maungio ya paa kwa macho yako. Muuzaji akikunyima ngazi, rudi nyumbani na pesa zako.